Hesabu za wafanyakazi mwisho wa mwaka: maswali kutoka Mombasa

Hoteli yetu iko Nyali na tunafunga vitabu tarehe 31 Desemba. Mkaguzi anataka tuandike deni la likizo ambazo hazijachukuliwa. Deni gani, na hakuna mtu aliyedai?

Hajadai, lakini kazi ya kuzipata siku hizo ameshaifanya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya utumishi. Siku zinazovuka mwaka bila kuchukuliwa ni deni la kampuni kwa mujibu wa IAS 19, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mafao ya wafanyakazi. Hoteli za pwani huumizwa na kalenda hapa: Desemba vyumba vimejaa, meneja hatoi ruhusa, na likizo hurundikana zikingoja masika. Yaani mnafunga vitabu wakati deni liko karibu na kilele chake.

Tuseme mna watu 40, kila mmoja amebakiwa na siku 6, mshahara ni shilingi 52,000 na mkataba wenu unagawa mwezi kwa siku 26. Siku moja ni 2,000, na siku 240 ni 480,000. Msiishie hapo, maana siku hizo zitakapolipwa mwajiri atatoa pia mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa 6% (28,800) na tozo ya nyumba ya 1.5% (7,200). Deni ni 516,000.

Wengi hukosea kwenye kuliingiza. Kama Desemba iliyopita mlikuwa na deni la 390,000, gharama ya mwaka huu ni ongezeko tu, 126,000: debiti gharama za wafanyakazi, krediti deni la likizo. Anayeandika 516,000 nzima kila mwaka bila kufuta ya zamani atajikuta baada ya miaka mitatu na deni ambalo hata orodha ya likizo ya ofisi ya wafanyakazi hailitambui. Na orodha hiyo ndiyo mkaguzi ataomba kwanza. Kama sera yenu inafuta siku zisizotumika baada ya Machi, kadirieni zile zinazotarajiwa kutumika, si zote. Siku za ugonjwa ziacheni, kwa kuwa zisipotumika hazihamii mwaka unaofuata.

Kwa kodi ya mapato, makadirio haya hayakatwi kwenye faida mpaka yalipwe. Kwa hiyo 30% yake, 154,800, huingia kwenye mizania kama rasilimali ya kodi iliyoahirishwa, yaani kodi mtakayopunguziwa baadaye, iwapo mnatarajia faida ya kuitumia.

Yadi yetu ya makontena iko Changamwe. Mhasibu huandika mshahara ule unaoingia benki, na makato huyaandika siku anayoyalipa. Ina ubaya?

Ina, na unaonekana Desemba. Gharama ni mshahara kabla ya makato, na sehemu ya mwajiri juu yake. Kwa mshahara wa 60,000, mwajiri anaongeza NSSF 3,600, tozo ya nyumba 900 na tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, 50. Mtu huyo anawagharimu 64,550. SHIF, mchango wa bima ya afya ya jamii, wa 2.75%, yaani 1,650, hauna sehemu ya mwajiri. Huo, pamoja na PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), NSSF yake na tozo yake ya nyumba, imo ndani ya 60,000. Nyinyi ni wabebaji tu.

PAYE ya Desemba hulipwa kufikia tarehe 9 Januari. Kwa mtindo wa mhasibu wenu, makato ya Desemba yanaangukia mwaka mwingine na mizania ya tarehe 31 inaonyesha hamdaiwi chochote. Fungueni akaunti ya deni kwa kila makato. Ikibaki na salio baada ya malipo ya Januari, kuna kosa la kutafuta.

Bohari la chai, Shimanzi. Mkataba wetu na chama cha wafanyakazi unatoa kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka wa kazi, mtu anapoondoka. Tunalipa NSSF. Bado ni deni?

Ni deni. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira kinamwondoa mwanachama wa NSSF kwenye malipo ya utumishi ya kisheria, lakini hakifuti mlichosaini wenyewe. NSSF ni mchango: mkishalipa, mmemaliza. Kiinua mgongo ni ahadi, na hatari ya mshahara kupanda inabaki kwenu.

Bohari nyingi hupiga hesabu hivi: mshahara wa 39,000 kwa siku 26 ni 1,500, mara siku 15, mara miaka 8, ni 180,000. Hicho ndicho kiasi akiondoka leo. IAS 19 inauliza jingine: ataondoka lini, kwa mshahara gani, na fedha hizo zina thamani gani leo? Mshahara ukipanda 5% kwa mwaka na akiondoka baada ya miaka 10, miaka hiyo 8 italipwa takriban 293,200. Ukiirudisha kwenye thamani ya leo kwa riba ya 13%, inabaki takriban 86,400. Chini ya nusu! Ukiweka uwezekano wa wengi kuacha kazi mapema, inapanda tena. Ndiyo maana kazi hii hupewa mtaalamu wa hesabu za bima, na riba huchukuliwa kwenye hati fungani za serikali, kwani Kenya haina soko pana la hati za makampuni.

Makadirio yakibadilika, tofauti haipiti kwenye faida na hasara. Inakwenda kwenye mapato mengine ya jumla, sehemu ya taarifa iliyo nje ya faida na hasara, na hairudi huko baadaye. Lakini zawadi ya kutimiza miaka 10 kazini ni kundi jingine: tofauti zake huingia kwenye faida moja kwa moja.

Bodi iliamua tarehe 20 Desemba kupunguza watu 12. Barua zitatoka 8 Januari. Gharama ni ya mwaka upi?

Wa Januari, ikiwa hakuna aliyeambiwa kabla ya mwaka kufungwa. Uamuzi uliofungiwa kwenye kumbukumbu za kikao bado unaweza kubatilishwa. Ikiwa kiasi ni kikubwa, kielezeni kwenye maelezo ya hesabu. Kiwango cha chini kisheria cha malipo ya kupunguzwa kazi ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Bima ya matibabu ya wafanyakazi tumelipa 1,200,000 tarehe 1 Oktoba, ya miezi 12.

Gharama ya mwaka huu ni 300,000. Zile 900,000 ni malipo ya kabla, na zitaingia gharama 100,000 kila mwezi kuanzia Januari. Mfanyakazi akiondoka na bima ikawarudishia sehemu, punguzeni gharama hiyo, msiiite mapato.