Viwavi wa Kabichi: Usichemshe Mwarobaini

SWALI: Mhariri, nalima kabichi Lushoto. Majani yametoboka, na sehemu nyingine umebaki utando mwembamba unaopitisha mwanga. Nilichemsha majani ya mwarobaini, nikanyunyiza asubuhi mara mbili, lakini viwavi bado wamo. Sitaki sumu za dukani. Nifanyeje?

JIBU: Utando huo ni alama ya kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Hula jani kutoka chini na kuacha ngozi ya juu. Mguse: atajipinda kwa nguvu, arudi nyuma, kisha ajidondoshe akining'inia kwa uzi.

Mwarobaini unamfaa, ila moto na jua huharibu nguvu yake, na majani yana nguvu ndogo kuliko mbegu. Agiza mbegu Mombo au sehemu nyingine ya chini yenye joto. Zianikwe kivulini; zenye ukungu tupa. Menya, twanga kiini, kisha loweka gramu 50 kwa kila lita ya maji baridi usiku kucha. Bomba la lita 15 litahitaji gramu 750. Chuja kwa kitambaa, la sivyo pua ya bomba itaziba. Jani la kabichi lina nta, maji huteleza. Ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike. Nyunyiza siku hiyohiyo, jioni, ukielekeza pua chini ya majani na kwenye moyo wa mche. Rudia kila baada ya siku 7.

Usitegemee kuona mizoga kesho yake. Kiwavi hupunguza kula, kisha hushindwa kujivua ngozi. Wadogo ndio wanaodhurika zaidi, kwa hiyo anza mapema, kabla kabichi haijafunga.

Kabla ya kunyunyiza, kagua vifuko chini ya majani. Kifuko chepesi cha nyuzi kinachoonyesha buu la kijani ndani ni cha nondo, kiponde. Ukiona ndani yake kitu kigumu cha kahawia, kama punje ndogo, kiache! Huyo ni nyigu mdogo aitwaye Diadegma, ambaye huzaliana ndani ya viwavi. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walimleta Kenya kutoka Taiwan na kumwachia milima ya Taita mwaka 2002, na hupenda baridi ya milimani. Sumu kali humwua kabla ya nondo, ndiyo maana shamba linalopigwa dawa kila wiki mara nyingi huzidiwa na viwavi.

Msimu ujao, anzia kitaluni. Funika tuta kwa chandarua cha matundu ya milimita 0.9 juu ya fito zilizopindwa, siku ileile ya kusia, na fukia kingo zote kwa udongo. Ukifunika miche yenye mayai tayari, utakuwa unawafuga viwavi huku nyigu wamefungiwa nje. Chandarua cha mbu chenye dawa kisitumike. Ukishavuna, ng'oa visiki mara moja; machipukizi yake hulisha kizazi kinachofuata.

SWALI: Je, chandarua hicho kitazuia wadudu mafuta kwenye sukuma wiki?

JIBU: Hapana, wanapenya. Kata majani yaliyojaa wadudu uyatoe shambani, wengine waoshe kwa maji ya kasi kila baada ya siku 2 au 3. Punguza pia yuria: majani laini mno ndiyo wanayoyapenda.