Nina miaka 38 na hii ni mimba ya nne: je, niende Mombasa nikapimwe?

SWALI

Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lamu mjini. Nina miaka 38 na mimba ya wiki 10. Juzi nilikuwa Mombasa kwenye harusi, nikapita kliniki moja ya binafsi, wakaniambia kwa umri wangu inafaa nitolewe damu ipelekwe ng'ambo kuangalia kama mtoto ana hali ya Down. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Mume wangu, ambaye ni mtoto wa ami yangu, yuko tayari kuuza mashine ya mashua ili tupate hizo pesa. Mamamkwe naye anasema kupima ni kuipekua kazi ya Mungu. Watoto wangu wote ni wazima, ila mimba ya mwisho presha ilinipanda nikazaa kabla ya siku zangu. Kwetu hatujapata mtoto wa namna hiyo. Aliyekuwa mgonjwa ni shemeji yangu tu, alifariki akiwa na miaka 6. Alikuwa akivimba mikono na miguu na kulia mifupa usiku. Nifanye nini? Na nikikataa, nitakuwa nimemdhulumu mtoto?

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Kwanza kabisa, mashine ya mashua isiuzwe wiki hii.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma ulichouliza. Mara ya pili nikasoma yale uliyoyataja kwa kupitia tu, ile presha na yule shemeji, na hapo ndipo nilipokaa sana. Nitakujibu ulilouliza, kisha nirudi huko.

Hali ya Down hutokea mtoto anapokuwa na kromosomu 21 tatu badala ya mbili; kromosomu ni vile vifurushi vya urithi vilivyomo ndani ya kila seli ya mwili. Mara nyingi sana hairithiwi; ni hitilafu katika kugawanyika kwa yai, na hitilafu hiyo huongezeka kadiri mama anavyosonga umri. Kwa hiyo "kwetu hatujapata" haikukingi, na wala kuoana na mtoto wa ami hakuiongezi. Kwa mama wa miaka 25 ni kama mtoto 1 katika 1,250. Kwa miaka 38 ni kama 1 katika 175. Akifika 40 ni karibu 1 katika 100. Nambari ya 175 igeuze uitazame upande wa pili: kina mama 174 wa umri wako, katika kila 175, huzaa mtoto asiye na hali hiyo. Kliniki nyingi hutaja upande mmoja tu, halafu mtu anatoka pale miguu haimbebi.

Sasa hicho kipimo. Damu ya mama mjamzito huwa na vipande vya DNA vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Jambo hilo liligunduliwa 1997 na mtafiti Dennis Lo na wenzake, na tangu 2011 kipimo kinauzwa. Hufanywa kuanzia wiki ya 10, kwa damu ya mkononi tu, na hakimdhuru mtoto. Kwa hali ya Down ni kizuri kweli: katika watoto 100 walio nayo, huwakamata 99 au zaidi. Lakini ni kipimo cha kuchuja, si cha kuthibitisha, na watu wengi hawaelezwi tofauti hiyo mpaka majibu yamefika.

Chukua kina mama 1,000 wa miaka 38. Kama sita wana mtoto mwenye hali ya Down, na kipimo kitawanasa wote au karibu wote. Lakini kipimo hiki hukosea kidogo pia, tuseme kwa mmoja katika elfu, kikasema "upo" na haupo. Basi watakaopigiwa simu ya kuitwa ni saba, na mmoja wao atakuwa analia bure. Kwa wasichana wa miaka 25 hesabu hugeuka: katika elfu kumi, nane wanao kweli, na kumi wanaitwa bila sababu. Kipimo ni kile kile, maabara ile ile, ila jibu halina uzito ule ule. Ndiyo maana hakuna daktari makini atakayekwambia umalize jambo lolote kwa karatasi hiyo peke yake.

Kuna njia ya zamani na rahisi zaidi: kati ya wiki ya 11 na ya 13 na siku sita, mtoto hupigwa picha kupimwa ule unyevu wa nyuma ya shingo, na mama hutolewa damu kupimwa vitu viwili. Hiyo hukamata takriban 85 hadi 90 katika 100, lakini huita watu wengi zaidi bila sababu, kama 5 katika 100. Na inataka mpiga picha aliyefundishwa hasa kupima shingo hiyo. Ultrasaundi ya kawaida ya mtaani, ile ya kuulizwa "mume au mke?", haifanyi kazi hiyo. Hata ile picha ndefu ya wiki ya 18 hadi 22, ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa sababu huonyesha moyo, mgongo, figo na mahali kondo lilipokaa, huwapita watoto wengi wenye hali ya Down. (Na kwa wale wanaosema picha humchoma mtoto: ultrasaundi ni sauti, haina mionzi.)

Kuthibitisha ni jambo jingine. Kuanzia wiki ya 15 bingwa huingiza sindano nyembamba tumboni akiiongoza kwa picha, akavuta maji kidogo ya chupa. Jibu lake ndilo la uhakika. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano hiyo ni ndogo, 1 katika 200 au pungufu, lakini ipo, na si kazi ya zahanati.

Hapo ndipo swali la kweli lilipo, na halihusu pesa peke yake. Kaeni wewe na mumeo mjiulize: tukiambiwa "huenda upo", tutafanya nini? Mkisema mtaenda sindano, mkajua, mkajiandaa, basi kipimo kina maana kwenu. Mkisema hatutaki sindano na hatubadilishi chochote, basi mtakuwa mmenunua miezi sita ya wasiwasi. Wanaochagua hivi na wanaochagua vile, wote ni wazazi wema. Kukataa kipimo hiki si kumdhulumu mtoto, kwa sababu hakuna dawa ya tumboni inayosubiri jibu lake.

Lakini usinielewe vibaya, kujua kuna faida. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hurekebishika kwa upasuaji. Nakumbuka mama mmoja wa hapa Malindi aliyeitwa kwa kipimo hicho. Sindano aliikataa katakata. Alichokubali ni picha ya moyo wa mtoto, ikaonekana tundu, tukapanga azalie mahali penye daktari wa watoto wachanga badala ya kuzalia nyumbani kwao kama alivyokusudia. Mtoto alipozaliwa mama hakushtuka. Machozi alikuwa ameshayamaliza mwezi wa tano.

Kuhusu mamamkwe wako, zungumza naye kwa heshima, na umwambie kutazama si kupekua. Hata mwezi hutazamwa. Swali la kutoa mimba hukuliuliza, lakini kliniki nyingine hulitaja haraka, kwa hiyo ulijue. Katiba ya Kenya, ibara ya 26(4), hairuhusu isipokuwa kwa dharura ya matibabu, au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Hali ya Down peke yake haimo katika maneno hayo. Upande wa dini, Baraza la Fiqhi la Rabita (jumuiya ya Waislamu wa dunia), Makka, lilitoa uamuzi 1990 unaohusu kasoro mbaya zisizotibika, zilizothibitishwa na jopo la madaktari, kabla ya siku 120. Ufafanuzi wake ni wa mwanachuoni wenu, si wangu.

Sasa turudi kwa yale uliyoyapitia.

Mtoto anayevimba mikono na miguu, akalia mifupa usiku, akafariki mdogo: siwezi kumpimia marehemu kwa mstari mmoja wa barua, lakini daktari yeyote wa Pwani akisoma hivyo atafikiri selimundu kwanza, yaani "sickle cell", ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Na selimundu ina njia yake ya kutembea katika ukoo. Mgonjwa hurithi jeni kwa baba na kwa mama. Kama shemeji yako alikuwa nayo, basi bamkwe wako na mamamkwe wako wote ni wabebaji, yaani kila mmoja ana jeni hiyo moja bila kuugua, na mumeo, japo ni mzima kabisa, ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji. Nawe je? Bamkwe ni ami yako, ndugu ya baba yako. Jeni ile ile ina mlango wa kukufikia na wewe kupitia kwa baba. Juu ya hayo, Pwani yetu imejaa wabebaji hata bila ujamaa. Katika kaunti hii ya Kilifi ni kama watu 15 katika 100, kwa sababu kubeba jeni moja kulimkinga mtoto na malaria kali tangu enzi.

Utaniambia: daktari, watoto wangu watatu ni wazima. Ni kweli, na alhamdulillahi. Lakini wazazi wawili wabebaji wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa kwa kila mimba, na mimba haikumbuki iliyotangulia. Wazazi kama hao wanaweza kupata watatu wazima mfululizo kwa nafasi ya 42 katika 100. Si ajabu hata kidogo.

Na hapa ndipo ninapokuwa mkali: kile kipimo cha DNA cha makumi ya maelfu, kile cha kawaida wanachokuuzia, hakitafuti selimundu. Kinahesabu kromosomu. Mngeuza mashine, mkapata karatasi ya "kila kitu sawa", mkaenda nyumbani na jambo linalowahusu zaidi halijaguswa. Kipimo mnachokihitaji nyinyi ni cha damu yenu wawili, cha kutazama aina ya himoglobini (ile protini nyekundu ya damu), na bei yake haikaribii ile. Sisitizeni kiwe kile kinachotofautisha mbebaji na mgonjwa, kwa sababu kipo kipimo cha zamani cha kuchanganya damu na dawa ambacho husema "ipo" bila kusema ni kiasi gani.

Mmoja wenu akiwa si mbebaji wa aina yoyote, mlango huo umefungwa. Mkiwa wabebaji wote, mtaamua kama mnataka ile sindano ya wiki ya 15, ambayo inaweza kumpima mtoto selimundu, au msubiri azaliwe apimwe siku za mwanzo. Wengi ninaowaona husubiri, nami naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu hapa kujua mapema baada ya kuzaliwa kunaokoa roho: penisilini kila siku tangu miezi ya kwanza hadi miaka mitano, chanjo bila kukosa, kinga ya malaria, na baadaye haidroksiyurea. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kiafrika katika vituo vinne, kimoja kikiwa hapa Kilifi, na matokeo yalipotangazwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vimepungua. Shemeji yako hakuyapata hayo.

La pili ni presha, na hili lina saa yake. Aliyepandwa na presha mpaka akazaa kabla ya siku ana hatari kubwa zaidi ya kurudiwa. Vidonge vya aspirini ya kiasi kidogo hupunguza hatari hiyo, lakini hufaa vikianzwa mapema, vizuri zaidi kati ya wiki ya 12 na ya 16. Usijinunulie dukani; mwambie mkunga kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi, apime presha na mkojo, na daktari akuandikie kama inakufaa. Uliza na kuhusu kalsiamu. Kama kadi ya mimba ile bado ipo kabatini, nenda nayo.

Vile vipimo vya kawaida vya kliniki sitavieleza kimoja kimoja: kiwango cha damu, kundi la damu na Rhesus, virusi vya ukimwi, kaswende, homa ya ini ya B, sukari, mkojo. Hivi sikupi uhuru wa kuvitafakari kama nilivyokupa kwa Down. Kila kimoja kina dawa au hatua inayomfaa mtoto huyu huyu. Kaswende, kwa mfano, ikigunduliwa mapema sindano moja ya penisilini inaweza kutosha kumwokoa. Vidonge vya madini ya chuma na foliki navyo umeze hata kama vinakuchafua roho. Jaribu usiku baada ya chakula.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Wiki hii nenda hospitali hapo hapo Lamu, huna haja ya kuvuka Mokowe wala kukesha barabara ya Witu na Garsen. Anza kliniki, zungumzia presha, ombeni kipimo cha selimundu. Kile cha DNA bado mna wiki kadhaa za kukifikiria. Pesa zikipatikana bila kuuza chombo cha riziki na mkiwa mmekubaliana mtafanya nini na jibu, kifanyeni. Nauli ya Mombasa au ya huku kwetu iwekeni kwa ile picha ndefu ya wiki ya 18 hadi 22.

Na mumeo aende nawe. Damu yako peke yako haitoshi. Akisema ana safari ya bahari, mwambie siku hizi kuna vijikadi vinavyosoma kwa tone la kidole, dakika chache tu, na maji kupwa bado atayawahi.