Kwa nini Imperata hurudi baada ya kuchomwa moto

Ndugu, umeuliza kwa nini nyasi za Imperata cylindrica huko kusini mwa Marekani hurudi zikiwa nyingi zaidi baada ya kuchomwa. Moto huunguza majani tu, ilhali uhai wake umo katika mashina meupe yanayotambaa chini ya udongo, yenye vipingili na ncha kali kiasi cha kutoboa mizizi ya mimea mingine, na kipande kidogo kikibaki huchipua upya. Zilifika jimbo la Alabama mwaka 1912 zikiwa zimetumika kufungia mizigo kutoka Japani, baadaye (ajabu hii!) watu wenyewe walizipanda kama malisho, ingawa ng'ombe hawayapendi majani yake makali. Ukitaka kuzitambua, tazama jani: mshipa wake mweupe hauko katikati, bali umeegemea upande mmoja.