"Amekiri" au "ametangaza"? Mwanamichezo anaposema hadharani kuwa ni shoga

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwandishi wa habari za michezo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafsiri taarifa za mashirika ya nje. Kila mwanamichezo anaposema hadharani kuwa ni shoga, chumba chetu cha habari kinagawanyika. Kuna wanaoandika "amekiri", kuna wa "amejitangaza", na mmoja aliwahi kuandika "ametoka kabatini". Tukifika kwenye maoni ya watu, tunaishia kwenye "azua gumzo" na "hisia mseto". Lipi ni Kiswahili sahihi? Na je, "mpenzi wa jinsia moja" ndilo jina la heshima la kutumia badala ya "shoga"?

JIBU: Marahaba. Nianze na "amekiri", kwa kuwa ndilo linalotamba kwenye vichwa vya habari na ndilo linaloharibu zaidi.

Kukiri ni kukubali jambo ambalo mtu ameshaulizwa, ameshashukiwa au ameshashtakiwa nalo. Mshtakiwa hukiri kosa, mdaiwa hukiri deni. Najua utetezi utakaoletwa na wenzako: mbona muumini naye hukiri imani yake, na hapo hakuna kosa lolote? Ni kweli, lakini hapo imani imetajwa, na kila mtu anajua imani ni kitu gani. Jambo linalofuata likiwa ni la mabishano, msikilizaji hulipokea kama kosa, maana neno hili amelizoea mahakamani kuliko mahali pengine popote. Lijaribu kwa jambo lisilo na ubishi. Andika "kipa huyo amekiri kuwa ni mwalimu", halafu umpe mtu asome. Swali lake la kwanza litakuwa: kwani ualimu una nini? Kitenzi kimeshamwambia kuna jambo baya, hata kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Hapo ndipo ninapoona dhara lenyewe. Habari yako inaahidi kueleza watu walivyoipokea kauli ya mchezaji. Ukianza na "amekiri", wewe mwandishi umeshatoa maoni yako kabla ya shabiki, kocha na mchezaji mwenzake hawajafungua mdomo. Na zipo nchi ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai. Sheria za aina hiyo kwa kawaida huadhibu tendo, ilhali mchezaji amesema tu yeye ni nani. Neno la kizimbani likiandikwa juu ya jina lake humfanya aonekane amekubali shtaka ambalo hakuna aliyemsomea. Si jambo dogo, na halirekebishwi na aya ya kumi iliyojaa pongezi.

Kukiri kuna tabia nyingine ambayo waandishi huisahau: humthibitishia msomaji kwamba kilichokiriwa ni kweli. Oktoba 2022, katika akaunti ya Twitter ya Iker Casillas, yule kipa wa zamani wa Real Madrid na Hispania, kulitokea ujumbe wa kuomba aheshimiwe kwa kuwa ni shoga. Carles Puyol, mchezaji mwenzake wa zamani katika timu ya Hispania, akaujibu kwa utani. Muda si mrefu ujumbe ukafutwa, Casillas akasema akaunti yake ilidukuliwa na akaomba radhi. Puyol naye akaomba radhi. Aliyekuwa ameandika "Casillas akiri" alithibitisha jambo ambalo mwenyewe amelikana. Aliyeandika "ujumbe katika akaunti ya Casillas wasema…" hakuwa na cha kufuta.

Je, kuna mahali "alikiri" inakaa sawasawa? Ipo. Mwaka 1981 nyota wa tenisi Billie Jean King alifikishwa mahakamani na mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wake, na uhusiano wao ukaanikwa mbele ya dunia nzima. King akaitisha mkutano na waandishi wa habari, akakubali kwamba uhusiano huo ulikuwepo. Hapo kulikuwa na dai na kulikuwa na jibu, kwa hiyo "alikiri uhusiano huo" ni Kiswahili safi. Kosa litakuwa kusema King "alitangaza", kana kwamba ni yeye aliyechagua siku. Siri yake ilifichuliwa na mtu mwingine, na mikataba yake ya udhamini ikapukutika. Mwandishi mwaminifu hutofautisha aliyesema kwa hiari yake na aliyesemewa. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendwa kwa kazi hiyohiyo: alifichuliwa, alianikwa. Itumie pale inapostahili, na usiitumie kwa mtu aliyekaa mwenyewe mbele ya kamera akasema.

Kwa huyo aliyesema mwenyewe, chagua "ametangaza kuwa", "ameweka wazi kuwa" au "amesema" tu. "Amesema" halijawahi kumwonea mtu. Carl Nassib, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Las Vegas Raiders, Juni 2021, alijirekodi video fupi akaiweka Instagram, akasema yeye ni shoga na kwamba alikuwa akitaka kulisema jambo hilo kwa muda mrefu. Kitenzi gani kingine unahitaji hapo?

"Amejitangaza" nalikwepa kwa sababu ya ile -ji-. Watu wanaojitangaza katika magazeti yetu ni wale waliojitangaza washindi kabla kura hazijahesabiwa, au waliojitangaza manabii. Kiambishi hicho kinapokutana na tangaza hunukia majigambo, au dai lisilokubalika kwa wengine. "Amefunguka", kipenzi cha kurasa za burudani, linafaa pale ambapo mtu amezungumza kwa kirefu na kutoa yaliyo moyoni. Kwa ujumbe wa mistari miwili halifai. Ama "ametoka kabatini", tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, liache kabisa. Kabati kwa Kiswahili ni la nguo na vyombo, halijawahi kuwa na maana ya maisha ya kificho. Siri kwetu hufichwa, hufunikwa, hukaa moyoni, na msomaji asiyejua lugha ulikoitoa picha hiyo hataielewa.

Sasa jina. "Mpenzi wa jinsia moja" limeshika kwa sababu halina ukali, nami naheshimu nia ya wanaolitumia. Lakini lisome polepole. Jinsia moja na nani? Neno "moja" hapa lina maana ya "ileile", na ili kitu kiwe kilekile lazima kulinganishwe viwili. Kwa wingi maneno haya yanasimama: "wapenzi wa jinsia moja" ni watu wawili wanaopendana, wote wanaume au wote wanawake. "Mapenzi ya jinsia moja" nayo yanasimama kwa sababu hiyohiyo. Ukiyaleta kwenye umoja yanaanguka. "Nahodha huyo ni mpenzi wa jinsia moja" kwa maana yake halisi inamhusu karibu kila mtu, kwani wengi wetu tunapenda jinsia moja tu kati ya mbili.

Dawa yake tunayo siku zote, nayo ni mwenza. Sema "anapenda wanaume wenzake", "anavutiwa na wanawake wenzake". Kile kipande cha -enzake kinafanya kazi yote ambayo "jinsia moja" imeshindwa: kinamlinganisha mtu na wale anaowapenda, bila kuongeza hukumu. Ni maneno ambayo bibi na mjukuu watayaelewa sawasawa, na yanakaa vizuri hata kwenye kichwa cha habari: "Mwanasoka atangaza kuwa anapenda wanaume wenzake".

Na "shoga"? Neno hili lina maisha mawili. Katika Kiswahili cha pwani mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga yangu", na hakuna chochote zaidi ya urafiki. Kwingine, na siku hizi karibu kote, ni mwanamume anayependa wanaume, na mara nyingi limetumika kama tusi. Ndiyo maana kwa wanamichezo wa kike linaleta mkorogo mkubwa. Megan Rapinoe wa soka na Sue Bird wa mpira wa kikapu walichumbiana mwaka 2020. Ukiandika "Rapinoe ni shoga wa Bird", msomaji wa pwani ataona marafiki wawili wanaotembeleana. Andika kwamba ni wapenzi, ni wachumba, basi. "Msagaji" linataja tendo la faragha badala ya mtu, na "hanithi" ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, jambo lisilohusiana kabisa na nani anampenda nani. Haya mawili yasiingie kwenye habari yako.

Hata hivyo silifuti "shoga" moja kwa moja, na nimelitumia juu huko kwa makusudi. Josh Cavallo wa Adelaide United ya Australia, Oktoba 2021, alijitaja kwa sentensi fupi: mimi ni mwanasoka, na mimi ni shoga. Ukiinyoosha iwe "mimi ni mwanasoka ninayevutiwa na wanaume wenzangu", umemnyang'anya ufupi wake, na ufupi ule ndio uliokuwa na uzito. Anapojitaja kwa neno moja, mpe neno moja ndani ya alama za kunukuu. Nje ya alama hizo, katika sauti yako wewe mwandishi, rudi kwenye maelezo, maana wapo wanaojiita hivyo bila shida na wapo ambao neno hilo huwachoma.

Nimalizie na hayo maoni ya watu. "Azua gumzo" humtwika mchezaji lawama ya kelele za wengine: yeye amesema jambo moja, waliozua ni wao. "Hisia mseto" ni jamvi linalofunika kila kitu. Aprili 2013 Jason Collins wa NBA alipotangaza kuwa ni shoga, Rais Obama alimpigia simu kumpongeza. Kobe Bryant aliandika kwamba anajivunia Collins, na huyo Bryant ndiye aliyetozwa faini ya dola 100,000 miaka miwili kabla kwa kumtolea mwamuzi tusi la kuwadhalilisha mashoga. Mchambuzi mmoja wa televisheni alisema kuwa kwa imani yake ya Kikristo hiyo ni dhambi. Nani atayaona hayo ndani ya "hisia mseto"? Taja mtu, taja alichofanya: alimpigia, alimpongeza, alimkosoa. Justin Fashanu, mwanasoka wa kwanza mweusi kununuliwa kwa pauni milioni 1 Uingereza, alipojiweka wazi mwaka 1990, ndugu yake John alimkana hadharani. "Alimkana" ni kitenzi kimoja, na kinaeleza zaidi ya aya nzima ya mseto.

Pima pia ukali. Kuzomea ni kelele za kumkejeli mchezaji yeyote, hata aliyekosa penalti. Yaliyomkuta Cavallo Januari 2022, katika mechi dhidi ya Melbourne Victory, yalikuwa matusi yaliyolenga ushoga wake. "Alizomewa" linapunguza, andika "alitukanwa", useme na kwa sababu gani.

Chunga na "wa kwanza". Jake Daniels wa Blackpool, aliyekuwa na miaka 17 alipozungumza Mei 2022, aliandikwa mahali fulani kuwa "mwanasoka wa kwanza shoga Uingereza". Hilo hakuna awezaye kulijua, na Fashanu alishamtangulia kwa miaka 32. Daniels alikuwa mwanasoka wa kwanza wa kulipwa wa kiume Uingereza, tangu Fashanu, kulisema hadharani akiwa bado anacheza. Sentensi inarefuka, najua. Punguza kwingine.