Usimpe mtu faili lako la algoridhimu, hata awe nani

La la la, ngoja kwanza yakhe. Umeuliza kwenye kozi ya algoridhimu, zile hatua za kompyuta kutatua tatizo, alama zinagawanywa vipi na kama ni sawa kutumia ile folda ya asaimenti za mwaka jana mliyotumiwa kwa grupu la WhatsApp mbadilishe majina ya vigeu tu, yale majina mnayopa namba ndani ya programu. Halafu ukaongeza kwamba mwenzako wa rumu ashakuomba yako "aangalie tu". Hilo neno ndilo lililoniponza mimi.

Asaimenti yetu ilikuwa algoridhimu ya Dijkstra, kutafuta njia fupi kwenye grafu, yaani vituo vilivyounganishwa na njia. Nilihangaika nayo siku tatu mpaka ikakubali. Jumapili usiku rafiki yangu, mtu tunavuka naye feri ya Likoni kila asubuhi, akanambia kwao stima zimepotea, nimtumie yangu aangalie tu alipokwama. Nikatuma, sikufikiria hata dakika. Akabadilisha majina yote, funksheni za juu akazishusha chini, akapeleka.

Sasa skiza. Mahali pa infiniti, ile namba kubwa ya kuanzia kabla njia haijapatikana, mimi nilikuwa nimeweka 9999. Grafu ya mwalimu ya kujaribia ilikuwa na njia fupi ya urefu wa 12350, ishaipita 9999 yangu. Programu yangu ikatoa 9999, yake ikatoa 9999, na darasa zima hakuna mwengine aliyekosea vile. Tukaitwa ofisini, karatasi mbili ziko mezani, 9999 imezungushiwa kalamu nyekundu kotekote, mwalimu hata hakusema kitu, alitugeuzia tu tusome wenyewe. Dijkstra aliichapisha hiyo algoridhimu 1959, hakuna atakayeshangaa hatua zenu zikifanana. Makosa ndiyo hayafanani.

Tukapewa ziro sote wawili, mimi niliyeandika na yeye aliyekopi, hakuna tofauti, na sheria yenyewe ilikuwa kwenye karatasi ya kozi tuliyopewa wiki ya kwanza. Asaimenti ile ilikuwa alama 10 kati ya zile 30 za kazi za muhula, mtihani ni 70. Kwenye zile 30 nikabaki na 11, mtihani nikapata 28, jumla 39. Kupita ni 40. ALAMA MOJA wallahi. Nikafanya sapu, mtihani wa kurudia, na sapu kwetu hata upate 80 unaandikiwa 40, hiyo D iko kwa transkripti yangu mpaka leo na kila interviu ndiyo wanayoanza nayo.

Na yule jamaa wa mwaka wa nne aliyetukalisha barazani akatuambia mwalimu hasomi programu, anazirun tu aone majibu, badilisheni majina mtapita, yule sijamsamehe. Muongo! Kuna kitu kinaitwa Moss, programu ya kunasa waliokopi, seva yake iko Stanford, kinafanya kazi tangu 1994, yaani wewe hujazaliwa. Hakijali majina wala nafasi wala umepanga nini juu na nini chini, kinaangalia muundo wenyewe, halafu kinamuwekea mwalimu programu mbili ubavu kwa ubavu na asilimia juu yake. Na mwalimu ana asaimenti zote za miaka iliyopita, ile folda yenu anayo kabla yenu nyinyi.

Zungumzeni hiyo haikatazwi, mimi baadaye nilikuwa nakaa na wenzangu kwenye kahawa tunachora grafu kwa karatasi mpaka kila mtu ameelewa, laptopu zimefungwa. Karatasi tunaichana hapo hapo, kila mtu anakwenda kwao kuandika peke yake, na juu ya asaimenti anaandika fulani na fulani tulizungumza naye swali la pili. Sikuitwa ofisini tena.

Mwenzako wa rumu mwelezee kwa mdomo hata mara kumi, faili asilione. Na kama ushamtumia, mwandikie mwalimu usiku huu huu, kabla hajasahihisha, mwambie nimetuma na nani nimemtumia. Folda nayo ifute.