Ukitaka kuflashi kadi za kuchimbia sarafu, anza na wati

Oktoba ya Tabora haihurumii mashine. Mvua bado hazijaanza, vumbi linapenya hata ukifunga madirisha, na chumba cha paa la bati kikifika saa nane mchana kinakuwa tanuri. Kwenye chumba cha namna hiyo, Isevya, ndiko nilikofunga kadi sita za grafiki za RX 570 za gigabaiti 8 mwaka 2020, nikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, yaani kadi zinapiga hesabu mfululizo nami nalipwa kwa sarafu hiyo. Siku ya tatu kompyuta ikaanza kuganda. Naiwasha, inapiga kazi dakika arobaini, inaganda tena. Nilishuku feni, nikashuku pawa saplai, nikabadilisha nyaya. Kumbe kadi zilikuwa zinakula umeme mwingi kuliko kazi ilivyodai, na ziada yote inatoka kama joto.

Vijana wa hapa na wa Kigoma huniuliza sana namna ya kuflashi kadi, yaani kubadilisha baiosi yake, ile programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya kadi yenyewe na kuiamuru itumie volti ngapi na ikimbie kwa kasi gani. Karibu wote wanataka kujua watapata megahashi ngapi, yaani kasi ya kadi katika kupiga hesabu za uchimbaji. Mimi huwaomba tuanze na wati.

Piga hesabu hii. Kadi moja ukiipunguzia wati 40, kadi sita ni wati 240. Kwa saa 24 ni uniti 5.76. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, shilingi 1,000 ya LUKU haikupi hata uniti tatu, kwa hiyo hapo umeokoa kama shilingi 2,000 kwa siku, karibu 60,000 kwa mwezi. Pesa hiyo unaipata bei ya sarafu ipande au ishuke. Na wati 240 zilizoondoka ni joto ambalo halimo tena chumbani.

Wati zinapungua hivi. Kiwandani kadi hupewa volti ya kutosha hata chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi bila kusumbua. Chipu yako huenda haihitaji yote. Ethereum ilikuwa inategemea zaidi memori kuliko kiini cha kadi, hivyo nilikishusha kiini hadi megahezi 1,150, nikashusha volti kidogo kidogo hadi kufika karibu na milivolti 900. Kadi moja ilikubali 870. Nyingine ilianza kuganda chini ya 920, nikaiacha hapo hapo. Usilazimishe kadi zote zifanane kwa sababu tu zimetoka kwenye maboksi yanayofanana.

Sasa memori, ambako ndiko kasi iliko. Umewahi kuona watu wakipakia madumu ya asali stesheni, wamejipanga mstari, dumu linapita mkono kwa mkono? Kila mmoja ana nukta ya kusubiri kabla ya kupokea lingine. Memori ya kadi nayo ina nukta zake za kusubiri, na baiosi ina jedwali lake kwa kila ngazi ya kasi. Kwenye ngazi za juu kiwanda huweka subira ndefu kwa ajili ya usalama. Tunachofanya ni kuchukua subira fupi za ngazi ya chini, mfano ya megahezi 1,500, na kuzinakili kwenye ngazi za 1,750 na 2,000. Programu ya Polaris BIOS Editor inafanya kazi hiyo kwa kadi za RX 470 hadi 580. Kadi zangu zilitoka megahashi 22 hadi 29 kwa sekunde, zikitumia umeme kidogo kuliko mwanzo. Ukikaza mno, dumu linaanguka: memori inatoa majibu yenye makosa, kadi inaonekana inakimbia lakini kazi yake inakataliwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Nilikuwa na kadi mbili, jina moja, boksi moja, zimenunuliwa Kariakoo siku moja. Nikachukua faili iliyofanya vizuri kwenye ya kwanza nikaiandika kwenye ya pili. Kioo kikawa cheusi. Ya kwanza ilikuwa na memori ya kampuni ya Hynix, ya pili ya kampuni ya Micron, na subira za Hynix haziifai Micron. Programu ya GPU-Z ingeniambia hilo kabla sijagusa chochote, sikuifungua. Kilichoniokoa ni swichi ndogo iliyo ubavuni mwa kadi, ya kuchagua baiosi ya kwanza au ya pili. Nilizima, nikaisukuma upande wa pili, nikawasha, mashine ilipokaa sawa nikairudisha upande wa kwanza huku kompyuta inawaka, nikaandika faili ya asili. Kadi ikafufuka. Nililala usingizi mzuri usiku ule.

Si kadi zote zina swichi. Isiyo nayo, iweke kwenye kompyuta yenye grafiki za kujengewa ndani, kioo ukichomeke kwenye mazabodi, kisha uiandikie upya. Kwa hali yoyote, hifadhi faili ya asili ya kila kadi kabla ya kubadilisha kitu, uipe jina lenye namba ya kadi, uiweke kwenye flashi mbili tofauti. Angalia na ukubwa wake. Za kwangu zote zilikuwa kilobaiti 512, na siku nilipoona moja ina 256 nilijua haikusomwa yote. Kuandika kwenyewe ni kazi ya muda mfupi tu, lakini umeme ukikatika katikati ya muda huo kadi inabaki na programu nusu. Tumia UPS, ile betri ya dharura ya kompyuta. Kama huna, azima.

Kwenye Windows, draiva ya AMD, kampuni yenye chipu hizi za RX, hukagua sahihi ya kidijitali ya baiosi, yaani alama ya kiwanda, na kuikataa iliyobadilishwa, ndiyo maana watu hutumia kiraka cha kuondoa ukaguzi huo. Kuwa makini sana na mahali unapokipakua, maana wezi wa pochi za kidijitali za sarafu wanapenda kujificha humo. Mimi nilihamia Linux, sikukihitaji. Kadi za NVIDIA za kuanzia GTX 10, na za AMD za RX 6000, baiosi zake zimefungwa kwa sahihi. Hizo zirekebishe kwa programu za kawaida za kushusha volti, usipoteze siku zako.

Kuhusu majaribio, ninalo jambo moja ambalo sikufundishwa na mtu. Nilipanga kadi zangu upya Juni, usiku, wakati Tabora ina baridi ya kuvaa sweta. Zilikimbia wiki nyingi bila kosa hata moja. Oktoba, saa tisa mchana, nne kati ya sita zikaanza kutoa makosa ya memori. Mpangilio haukubadilika, ilibadilika hewa. Tangu hapo nikawa napandisha memori kwa megahezi 25 tu kila mara, naacha ipite mchana mzima wa jua kali huku nikiangalia makosa, na kile kiwango cha mwisho kilichokubali narudi nyuma hatua mbili. Vumbi nilipuliza kila Jumamosi.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji wa kadi. Nilihamia Ethereum Classic, sarafu nyingine inayochimbwa kwa kadi, na miezi mingi mapato hayakufikia bei ya uniti, hata kwa kadi zilizopunguzwa wati. Nikazima. Anayeanza leo aweke bei ya LUKU upande mmoja na mapato ya siku upande mwingine kabla hajanunua hata raisa, kile kiungo cha kuchomekea kadi kwenye kompyuta, na akumbuke kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2024.

Nne kati ya kadi zile nimemuuzia jirani anayehariri video za harusi. Kabla ya kumkabidhi nilizirudishia zote baiosi za asili, kwa sababu subira fupi za memori huleta madoa kwenye picha na yeye asingejua yanatoka wapi. Nikamwambia pia kwamba zilichimba miaka miwili, tukapatana bei kwa kujua hilo. Mbili nimebaki nazo, faili zake ziko kwenye flashi ndani ya kabati, na namba za kadi nimeziandika kwa kalamu juu ya mfuko.