Neno "kurithi" lisemeni taratibu

Mbukwenyi, wadogo zangu watarajali.

Jumanne nimefungua faili la binti wa miaka 19 mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba. Mmoja wenu ameandika: "Historia ya familia: hakuna." Baba wa binti alikuwa amekaa palepale, kofia kichwani, mikono juu ya magoti, kucha zimejaa vishimo vidogo kama zimedonolewa kwa sindano, dalili ya ugonjwa huohuo. Hakuna aliyemtazama. Kosa hili naliona kila kundi jipya linapoingia kliniki, nami limenichosha.

1. Usiulize "kwenu kuna soriasisi?" Nani huko Chamwino au Mpwapwa analijua jina hilo? Wao wanaijua kama mba, fangasi sugu, ukoma au mkono wa mtu. Uliza nani ana mba ya kichwani isiyosikia dawa, nani kucha zimeharibika, nani anaamka vidole vimevimba na kukakamaa. Kwa swali hilo la mwisho nilimpata bibi mmoja wa Bahi. Nyumbani walikuwa wamemtengea sahani na kikombe chake miaka mingi, wakidhani ana ukoma. Mgonjwa wangu alikuwa mjukuu wake. Nilipowaeleza kwamba ni soriasisi, na kwamba hauambukizi, bibi alichukua chupa ya maji ya mjukuu, akanywa, akamrudishia. Mjukuu naye akanywa.

2. HLA-C*06:02, jeni inayohusishwa na soriasisi, mnaikariri kwa mtihani, sawa. Iko kromosomu ya 6, eneo liitwalo PSORS1, na ndiyo yenye nguvu kuliko maeneo mengine zaidi ya 60 yanayohusishwa na ugonjwa huu. Aliye nayo, akiugua, mara nyingi huanza mapema, pengine kwa madoa madogo kama matone baada ya koo kushambuliwa na bakteria wa streptokoka. Lakini wengi wenye jeni hiyo huzeeka na ngozi safi. Hata pacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue kamwe. Hilo liwe kichwani kabla hujafungua mdomo, kwa sababu mimi nilifungua kwanza.

3. Nilikuwa mtarajali kama ninyi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma sura nzima ya jenetiki, na asubuhi akaingia binti kutoka Kongwa, magamba meupe yamemjaa viwikoni na magotini. Alifuatana na mama mmoja mtu mzima. Sikuuliza ni nani kwake. Binti alipokwenda maabara, yule mama alinifuata koridoni akaniuliza huu ni ugonjwa gani. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Mama, huu ni wa kurithi. Uko kwenye damu ya ukoo, watoto wake nao watapata."

Alikuwa mama mkwe mtarajiwa.

Binti alirudi baada ya miezi miwili, safari hii na dada yake. Joto la Oktoba, naye amejifunika kitenge mpaka vifundo vya mikono. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamesharudishwa. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniuliza: "Dokta, ni watoto wote?" Nikamwambia hapana, mzazi mmoja akiwa nao, makadirio tunayofundishwa, ambayo mengi yametoka Ulaya na Marekani, ni kama watoto 14 katika 100. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole juu ya meza yangu. "Kwa hiyo 86 hawaupati kabisa?" Hawaupati. "Mbona mama hukumwambia hivyo?"

Nilikuwa nimetoa siri ya mgonjwa kwa mtu ambaye yeye hakumchagua, tena nimeitoa ikiwa na uongo ndani yake. Niliomba niende Kongwa kuzungumza na familia ile. Dada yake akakataa: "Umeshasema, dokta, inatosha." Tangu siku hiyo sitamki "kurithi" peke yake. Nasema: mtoto hurithi uwezekano, hazaliwi na ugonjwa. Na namwambia mgonjwa mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

4. Kagua kichwa, kitovu na mfereji wa makalio. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta zambarau au kijivu. Uliza kuhusu vichochezi: maambukizi ya koo, na dawa za propranololi, lithiamu na klorokwini. Pima VVU. Prednisoloni ya vidonge msiiguse bila kuniuliza, maana ikikatwa ghafla ngozi ya mwili mzima inaweza kulipuka.

5. Usiseme "huku kwetu haupo" kwa sababu ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2016 inaonyesha kwamba Tanzania wanaougua ni asilimia 0.09 tu ya watu. Kwa anayekuja na gari la alfajiri kutoka Kondoa, hesabu hiyo haimpunguzii muwasho.

Yule binti wa Jumanne atarudi wiki ijayo, na nimemwomba aje na baba yake. Atakayekuwa zamu amsalimie mzee kwa heshima, amuulize binti kwanza kama anaridhia tuzungumze mbele ya baba, kisha amwombe mzee avue kofia.